Friji Haina Tapeti

Achieng, na nyinyi wengine mliobaki pale gereji, siku ile ya keki ya kuniaga mliniambia niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Nimekaa na kalamu siku tatu. Nilisoma hadi darasa la saba, na maandishi yangu yote mpaka leo yako kwa kaunta buku: gari gani, inaumwa nini, imepewa nini. Kwa hivyo mkiona nimeandika watu kama magari, mnivumilie. Sijui njia ingine.

Mambo ya cheo sitaandika. Kwa gereji ya mabati cheo ni kujua nani ana funguo za kufuli, na hizo nimekuachia wewe, Achieng.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwa Mzee Ndolo, Thika, nikiwa na shati jeupe. Mama alikuwa amelipiga pasi. Mzee Ndolo aliliangalia kwa muda, akaniuliza, "Kijana, umekuja kuoa?" Halafu akanituma chini ya lori ya kubeba mkonge. Lile shati halikurudi kuwa jeupe, na mimi tangu hapo sijanunua lingine.

Mzee Ndolo alikuwa fundi wa kusikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono, mpini wa mbao. Ncha anaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini anauweka kwa sikio, anafunga macho. Baada ya muda anakuambia ni tapeti ya ngapi iliyolegea, yaani kile chuma kidogo cha kusukuma valvu. Mtu akileta gari, neno lake la kwanza lilikuwa moja kila siku: "Zima redio." Alisema injini inajieleza yenyewe, kazi ya fundi ni kunyamaza. Mwezi mzima alinipa bisibisi nisikilize na nimwambie nimesikia nini. Nilisema "plagi" kwa kila kitu. Hata siku moja kwa trela ambayo haikuwa na injini.

Nataka niwe wa haki kwake na kwenu. Mzee Ndolo ndiye fundi mkubwa niliyewahi kuona, lakini pia akimwona mwenye gari aliyeahidiwa Jumatano anakuja Ijumaa, alikuwa anaingia chini ya gari ingine na kukaa huko mpaka mtu achoke aende. Miguu yake ilionekana. Wote tulijifanya hatujui ni ya nani.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa pikapu ya shamba la kahawa iliyokataa kuwaka. Nilifungua kabureta, nikaiosha, nikairudisha. Ikakataa. Nikafungua tena. Jua lilizunguka likanipata upande wa pili. Mwishowe dereva aliyekuwa ameketi kwa kivuli akaniambia pole pole, "Fundi, hata petroli haina." Alijua tangu asubuhi. Alisema hakutaka kunikatiza, kwa sababu nilionekana mtu anayejua kazi.

Mzee Ndolo alipoacha kazi alinipa ile bisibisi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usifungulie mtu soda nayo." Nikahamia Ruiru, nikapata kile kiwanja chetu nyuma ya kituo cha mafuta, na mengine mnayajua.

Lakini hebu niandike habari ya viti, kwa sababu wageni huuliza. Nilitoa viti viwili virefu vya nyuma kwa magari yaliyokufa, nikaviweka kwa ukuta, wateja wakae wakingoja. Wakaanza kukaa hata wale wasio na kitu cha kungoja. Jumapili baada ya kanisa gereji imefungwa, hakuna spana inayoguswa, lakini viti vimejaa watu wa kuongea magari: yale walio nayo, na yale wanayoota kuendesha.

Sheria ya viti aliileta Mwalimu Wainaina. Alikuwa amestaafu kufundisha, lakini kufundisha hakukuwa kumemstaafu. Sheria ni hii: hakuna mtu kutaja gari ya ndoto kabla hajasema ugonjwa wa ile anayo. Kwa sauti, na bila kudanganya.

Mama Kanyi, mwenye duka la hadiwea kule Mwihoko, ndiye alikuwa anaanza. "Haya, Probox yangu inakunywa oili kama mkwe wangu na chai. Mlango wa nyuma haufunguki bila teke. Nimetubu. Sasa mniache niongee Prado."

Halafu Kevo wa Kahawa Sukari, mwenye Vitz aliyoishusha mpaka ikawa inakwangua lami. "Mimi gari yangu haina ugonjwa, mabuda."

"Kevo," Mwalimu akamwambia, "jana gari lako lilikwama juu ya tuta pale kanisani. Akina mama wa kwaya ndio waliolisukuma."

"Hiyo si ugonjwa, Mwalimu. Hiyo ni staili."

"Basi leo huna ndoto."

Na kweli Kevo akakaa Jumapili nzima bila ndoto, mdomo umefungwa, huku picha ya gari yake ya mbio iko kwa simu inamuunguza mkononi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na 504 stesheni wagon, rangi ya maziwa. Aliinunua akiwa bado anafundisha. Ndiyo iliyoleta watoto wake watatu nyumbani kutoka hospitali, mmoja mmoja, na ndiyo aliyofuata nayo jeneza la mke wake, polepole, taa zimewashwa mchana. Magonjwa yake aliyataja yote kwa mpangilio kama anaita rejista. Halafu tukimuuliza anaota gari gani, jibu lake halikubadilika hata Jumapili moja: "Hili hili. Lakini asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu."

Mimi sikuwa na gari. Sijawahi kuwa nayo. Mnajua baiskeli yangu. Kwa hivyo sikuwa na ugonjwa wa kutaja wala ndoto ya kuomba. Nilikaa pale kama hakimu. Hiyo nafasi niliifurahia kuliko ilivyonifaa.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa nazunguka.

Sikio langu la kulia lilianza kufifia, la kushoto likalifuata. Sikumwambia mtu. Mke wangu, Mama Shiru, alijua, maana alikuwa ananiita mara tatu ndiyo nigeuke, lakini yeye alifikiri ni kiburi cha uzee. Pale kazini nikagundua kwamba nikiuma mpini wa bisibisi na meno, sauti inapitia mfupa wa taya na inafika vizuri kabisa. Nikaanza kuuma. Watu wa viti wakaona ni ufundi mpya. Mama Kanyi akaleta hata dada yake aje aone. Na mimi, badala ya kusema ni uziwi, nikaanza kufunga macho wakati wa kuuma, na kuinua kidole kimoja watu wanyamaze.

Halafu nikang'oka jino la mbele. Ningependa kuandika kwamba lilitolewa na spana nikiokoa mtu. Lilitoka nikitafuna githeri. Daktari wa meno Thika akaniwekea la bandia, lile la kuvaa na kuvua, na maisha yakaendelea. Sikuhusisha jino na kazi. Mtu gani anahusisha jino na kazi?

Mwalimu alileta 504 kwa sababu ya breki. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo: breki tu. Nilizimaliza, zikawa sawa. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni, watu wawili watatu walikuwa wamekaa kwa viti, wakasema, "Baba Shiru, hebu muumie Mwalimu bisibisi kwa injini pia." Nikasema kwa nini isiwe. Zima redio, kidole juu, nikauma bisibisi.

Tik, tik, tik, tik.

Nikahama silinda ya pili. Tik, tik. Ya tatu, ya nne, kila mahali tik. Sijawahi kusikia injini iliyooza hivyo.

Wewe, Achieng, uliweka sikio lako, ukaweka tena, ukasema, "Mzee, mimi sisikii kitu."

"Utasikiaje? Wewe unasikiliza na masikio."

Viti vikacheka. Wewe ukarudi kupanga spana. Ile kompyuta yako ya kupima magari haingesaidia, kwa sababu 504 haina mahali pa kuichomeka. Ilizaliwa kabla ya maswali ya aina hiyo. Na niwe wa haki: kompyuta yako pia ilitufanya tubadilishe sensa tatu kwa gari ambayo panya alikuwa amekula waya. Lakini hiyo ni ya siku ingine, na haipunguzi yangu.

Nikamwambia Mwalimu injini imekwisha. Sikusema inaelekea kwisha. Nilisema iko karibu kupasuka itupe vyuma nje, na nikamwomba asingoje impasukie kwa barabara kuu.

Alitoa miwani, akaifuta. "Una uhakika, Mburu?"

"Mwalimu," nikamwambia, "nimeisikia na mifupa yangu."

Wiki mbili baadaye aliiuza kwa Mutuku, mkulima wa nyanya wa Ngoliba, aliyetaka kitu cha kubebea mazao ndani ya shamba mpaka kife. Mwalimu alimweleza kila neno nililosema, maana hawezi kuuza uongo. Jumapili iliyofuata alikuja kwa miguu. Akakaa mahali pake. Zamu yake ilipofika akasema, "Sina ugonjwa wa kutaja." Kwa hivyo, kwa sheria yake mwenyewe, hakuwa na ndoto. Zamu ikaruka kwa Kevo. Ikawa hivyo kila Jumapili, karibu mwaka mzima. Aliendelea kuja, aliendelea kusahihisha wengine, na zamu iliendelea kumruka.

Na mimi niliendelea kusikia tik. Gari ya Mama Kanyi, tik. Vitz ya Kevo, ambayo ilikuwa imetoka kuwekwa injini ingine, tik. Wewe ukaanza kuniangalia na jicho moja. Halafu siku moja ulinishika mkono, ukanipeleka kwa kibanda cha soda hapo jirani, ukaniambia, "Mzee, hebu sikiliza hii friji."

"Friji ya nini sasa?"

"Sikiliza tu. Unipe maoni."

Nikauma bisibisi, ncha nikaiweka kwa mgongo wa friji. Nikafunga macho. Sijui kwa nini nilifunga macho kwa friji.

"Tapeti," nikasema. "Zimelegea zote."

Ukasema, kwa upole ambao sitausahau, "Mzee Mburu. Friji haina tapeti."

Tukaangaliana. Ukanyoosha kidole kwa mdomo wangu. "Toa hilo jino, ujaribu tena."

Nikatoa. Nikauma na meno ya upande. Friji ilikuwa inanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Hakuna tik. Nikarudisha jino: tik, tik, tik. Lilikuwa linatetemeka juu ya mpini na kugonga ufizi. Mwaka mzima nilikuwa napima ugonjwa wa mdomo wangu mwenyewe.

Nilirudi kwa kaunta buku. Tangu jino liingie nilikuwa nimeandika ugonjwa wa tapeti kwa magari kumi na moja. Kumi nilikuwa nimeyafungua juu, nikakaza vitu visivyohitaji kukazwa, nikayafunga. Hayakuumia. Niliwaendea wenyewe mmoja mmoja na kuwaambia. Wengine walicheka, mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Ya kumi na moja ilikuwa 504.

Nilienda Ngoliba peke yangu. Mutuku nilimkuta shambani, mtu mrefu wa buti za mpira, na nilipojitambulisha akaita mke wake aje. "Kuja uone! Huyu ndiye fundi wa mifupa!"

Gari ilikuwa imejaa vumbi jekundu mpaka madirishani, na kreti za nyanya zimepangwa mahali watoto wa Mwalimu walikuwa wanakaa.

"Umeifanyia nini?" nikauliza.

"Oili. Na kuiosha Krismasi."

Nikavua jino, nikalifunga kwa leso, nikauma. Mutuku na mke wake walisimama kimya kama watu wa msibani. Ile injini ilikuwa inapumua sawasawa, silinda zote nne, kama wazee wanne wanaorudi nyumbani kwa mwendo mmoja. Nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Nikamwomba airudishe kwa mwenyewe. Mutuku akapangusa vumbi kwa boneti. "Hapana, mzee. Nilinunua gari ya kufa, ikakataa kufa. Sasa ni mtu wa hapa." Siwezi kumlaumu. Yeye hakukosea mahali popote.

Mngedhani nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu. Jumapili iliyofuata nilimwona anakuja na kofia yake, na nikajikuta chini ya Probox ya Mama Kanyi, na suti ya kanisa. Nilikuwa nikicheka miguu ya Mzee Ndolo miaka hiyo yote. Nililala pale nikiangalia oili ya Mama Kanyi ikinidondokea tai, mpaka nikasikia sauti yako ikija karibu na ardhi: "Mzee, utatoka huko lini?"

"Ameenda?"

"Ako hapa. Anauliza viatu hivi ni vya nani."

Siku hiyo sikutoka. Nilitoka Jumapili ya pili.

Mama Kanyi alikuwa amemaliza kutubu, Kevo ameanza. Nikasimama. "Leo nataka zamu."

"Baba Shiru, wewe huna gari," akasema Mama Kanyi.

"Lakini nina ugonjwa."

Nikavua jino, nikaliweka juu ya kifuniko cha mkebe wa grisi, mbele ya watu wote. Kevo akacheka, "Buda, hiyo ni spea ya nini?" Nikawaambia. Masikio kwanza, kisha kuuma, kisha githeri, kisha friji. Bila jino sauti yangu inapiga mluzi, na Kevo aliendelea kucheka mpaka nilipofika kwa 504, akaacha katikati ya kicheko.

Mwalimu hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo lilikuwa zima."

"Ilikuwa nzima, Mwalimu."

"Nilikuja na breki."

"Breki tu."

Alichukua kofia yake akaenda. Hakuna mtu aliyeongea gari tena siku hiyo. Jumapili iliyofuata hakuja. Mahali pake palibaki wazi, hata Kevo hakuweka simu yake hapo. Ndipo nikakuambia, Achieng, kwamba nitamaliza mwezi niwaachie kazi. Si kwa sababu ya uziwi. Fundi anaweza kuwa kiziwi. Ni kwa sababu ulikuwa umeniambia husikii kitu, na mimi nikakufanyia mzaha mbele ya watu badala ya kukuuliza mara ya pili. Hilo liandikeni mahali mtaliona.

Jumapili ya tatu Mwalimu alikuja. Hakukaa. "Huyo Mutuku anaishi upande gani wa Ngoliba?"

Nilimpeleka. Alipoiona 504 hakuigusa mara moja. Alizunguka akitaja moja moja yale magonjwa yake ya zamani, kioo cha kushoto, mkono wa mlango, na Mutuku akimfuata nyuma akijibu, "Hiyo nilitengeneza. Hiyo bado. Hiyo sikujua ni ugonjwa."

"Siwezi kuirudisha, Mwalimu," Mutuku akasema.

"Sikuja kulidai. Nyanya zako unauza wapi?"

"Sokoni Thika. Kila Jumamosi nalipa mtu wa pikapu azipeleke. Shambani naiendesha hii, lakini mimi na mataa ya Thika hatuelewani. Siku moja yalinisimamisha nikaogopa kuondoka."

Mwalimu akafuta miwani. "Zinatoka saa ngapi?"

"Mapema sana. Kabla ya jua."

Mwalimu akaangalia barabara ya kule, ile inayoteremka tupu kati ya mashamba. "Jumamosi nitakuwa hapa," akasema.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Akinitambulisha kwa watu anasema, "Huyu ni Mburu, mwenye jino." Lakini Jumapili zamu yake hairuki tena. Anasema gari si lake lakini magonjwa ni yake, na sheria haikusema kitu kuhusu jina la nani liko kwa logibuku.

Bisibisi ya Mzee Ndolo nimewaachia kwa msumari wake. Itumieni na sikio. Msifungulie mtu soda nayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya ile keki yenu, Mwalimu alinipigia akasema kuna nafasi mbele kwa 504. Kule Ngoliba kulikuwa kunaanza kupambazuka. Kreti zilikuwa zimejaa mpaka nyuma ya shingo zetu, na gari yote ilinuka nyanya. Akawasha. Miaka thelathini na kitu ya kazi si kitu cha kuvua kama jino: shingo yangu ikainama yenyewe kuelekea boneti, na kidole kikaanza kuinuka ili watu wanyamaze.

Mwalimu alinyoosha mkono akawasha redio. Akaongeza sauti mpaka hata mimi nikasikia. Mtu fulani alikuwa anatuma salamu kwa shangazi zake wote, mmoja baada ya mwingine, halafu wakaweka wimbo.

"Mburu," Mwalimu akasema, macho kwa barabara, "teremsha hicho kidole."

Nikateremsha. Ule wimbo niliusikia mpaka mwisho, na ule uliofuata, na injini sikuisikia hata kidogo mpaka Thika.